Daktari Aliyekataa Kuniuzia Magego

Mtu akikataa kuniuzia kitu ninachokitaka, machale hunicheza. Ndivyo kazi ilivyonizoesha. Naishi Guangzhou, na kazi yangu ni kukagua mizigo ya wenye maduka wa nyumbani kabla haijafungwa na kupelekwa bandari ya Nansha kupakiwa melini. Navuta zipu za mabegi, navuta vifungo vya mashati, nageuza suruali ndani nje. Mwenye kiwanda akitabasamu kupita kiasi, naomba nifunguliwe boksi la chini kabisa. Akisema hana bidhaa fulani na mimi naiona nyuma ya kisogo chake, najua kuna jambo.

Kwa hiyo siku daktari wa meno aliponiambia sihitaji magego mapya, sikumshukuru. Nilianza kumchunguza.

Nitaeleza taratibu, maana namwandikia mtu ambaye sasa hivi amekaa mahali na ulimi wake hauachi kwenda nyuma kupapasa pengo. Najua hali hiyo. Mambo ya kitabibu waulize wenyewe, mimi nitasema yaliyonipata.

Magego yangu hayakuondoka siku moja. Mengine yaling'olewa Mwanza nikiwa binti, kwa sababu enzi hizo jino likiuma linang'olewa, mjadala hakuna. Yaliyobaki yaliniishia huku, msimu wa maonyesho ya biashara ya Pazhou, wakati ambao mtu wa kazi yangu hana ruhusa ya kuugua. Nilizunguka kwenye zile kumbi shavu limevimba, nikiongea na wateja kwa upande mmoja wa mdomo. Maonyesho yalipokwisha nikaenda hospitali ya serikali, yakatolewa. Nikabaki na meno ya mbele na yale madogo yanayofuata. Nyuma ya hapo, juu na chini, ni fizi tupu.

Pengo lenyewe sikuliogopa, halionekani hata nikicheka. Niliogopa yaliyompata mama. Mama yangu alianza hivi hivi. Yalitoka ya nyuma, sote tukamwambia si kitu. Baadaye ya mbele yakaanza kuhama, moja likalala, jingine likatokeza nje, yakalegea na kutoka, mpaka kidevu chake kikasogea karibu na pua. Aliacha kula mbele ya watu, kisha akaacha na kwaya, yeye aliyekuwa sauti ya kwanza. Kila nilipojitazama kwenye kioo cha lifti nilikuwa namtafuta yeye usoni mwangu.

Hospitalini nilikwenda na Bi Zuhura, mfanyabiashara wa Unguja ninayeishi naye nyumba moja, jirani na barabara ya Huanshi Zhonglu. Kichina chake kimenyooka. Changu ni cha sokoni, kinajua bei na kukataa, basi. Tulikaa kwenye viti vya bati tukingoja namba isomwe na mashine. Huku usitegemee faragha. Nilipoitwa, wagonjwa waliokuwa nyuma yangu waliingia nami, wakasimama kuzunguka kiti na kuchungulia kinywani mwangu, mmoja akitikisa kichwa kwa masikitiko.

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba, Daktari Liang, amevaa barakoa inayofika chini ya macho. Hilo nalo sikulipenda. Yeye anaona mdomo wangu wote, mimi wake siuoni. Siku hiyo hakusema mengi. Alijaza ute mzito wa buluu kwenye kisahani cha chuma, akanishindilia mdomoni juu, kisha chini, akatoa alama ya meno yangu. Bi Zuhura akanieleza kwamba watamimina plasta humo, ipatikane sanamu ya taya zangu, ili siku za mbele walinganishe kama meno yamehama.

"Kumbe anachukua sampo," nikasema.

Hapo alau tulielewana. Katika kazi yetu, mkikubaliana na kiwanda, unasaini sampo ya bidhaa kwa kalamu ya wino usiofutika. Moja inabaki kwao, moja unaondoka nayo. Mzigo ukija tofauti, unaitoa yako mezani na ubishi unakwisha. Mtu akiiacha sampo yake kwa laoban, yaani mwenye kiwanda, amejiuza mwenyewe, kwa sababu itabadilishwa na hatakuwa na la kusema. Sheria hii sijawahi kuivunja, hata kwa laoban niliyekula naye harusi ya mwanawe.

Tuliporudi kuchukua majibu, nikadai sanamu mbili. Daktari Liang akashangaa, lakini akampa fundi wake kazi, nasi tukangoja. Zilipoletwa nikatoa kalamu kwenye mkoba, nikasaini chini ya kila moja. Macho ya daktari yalifinyika. Nadhani alicheka.

Kisha akasema maneno, marefu, na Bi Zuhura akayageuza kuwa mafupi.

"Anasema meno uliyobaki nayo yanakutana vizuri, na fizi zako nzima. Usitie kitu."

"Nisitie?"

"Wache hivyo hivyo. Watu wengi wanaishi na meno kama hayo na hayendi popote. Utakuwa unakuja atazame. Yakianza kuhama, hapo ndipo atakapofanya jambo."

"Muulize bei ya magego mapya."

"Bei ya nini, Mama Deo? Kakwambia usitie."

"Wewe muulize tu."

Aliuliza, na daktari akatikisa kichwa. Nikafanya tunavyofanya sokoni. Nikachukua mkoba na sanamu yangu, nikasema kwa Kichina kwamba basi, yaishe, nikaelekea mlangoni bila haraka. Mwenye duka hukuacha ufike mbali. Utasikia tu laoban, laoban, njoo, maana na mteja huitwa hivyo kwa kubembelezwa, na bei imeshashuka. Nikasimama koridoni kando ya mashine ya maji ya moto, nikajifanya nasoma bango la jinsi ya kupiga mswaki. Aliyetoka ni Bi Zuhura.

"Umesimamia nini hapa?"

"Nasubiri aniite."

"Hakuiti mtu. Keshakaa mwengine kitini."

Nilirudi nyumbani na hasira. Nilishuku mengi kwa wakati mmoja. Labda ananiona Mwafrika sina uwezo. Labda vifaa vizuri amewawekea wenyeji. Labda anataka meno yahame kwanza ili baadaye aniuzie kazi kubwa. Nikamshuku na Bi Zuhura, Mungu anisamehe, maana daktari alisema maneno mengi na mimi nikaletewa machache.

Nyumbani Mwanza nako hakukuwa shwari. Mume wangu, Baba Deo, anakaa na watoto, na tunaonana kwa simu ya video. Sikumwambia habari za magego. Aliwahi kusema, mama akiwa hayupo, kwamba mkwe wake kazeeka ghafla, na neno lile lilinikaa. Basi nikawa naongea naye kiganja kikiwa mdomoni.

"Mbona siku hizi unaongea umejiziba?" akaniuliza. "Uko na nani hapo?"

"Sina mtu."

"Zungusha simu nikione chumba."

Nikazungusha.

"Na nyuma ya mlango."

Nikamwonyesha nyuma ya mlango, nikamwonyesha na bafu, huku nimefura. Lakini kusema kweli nilimwelewa. Mimi mwenyewe ndivyo ninavyokagua stoo za watu.

Kosa langu kubwa nililifanya wakati wa machungwa madogo yanayopambwa milangoni kabla ya mwaka mpya wa Kichina, viwanda vikianza kufunga. Katika jengo moja la biashara, ghorofa ya juu, kulikuwa na kliniki ya meno kati ya duka la mawigi na ofisi ya mizigo. Mwenyewe alivaa koti jeupe na alijua kusema "karibu rafiki". Nikamwonyesha pengo. Hapo hapo akachomoa kikokotoo, akabonyeza bei, akanigeuzia. Nikaguna, nikabonyeza yangu. Akashika kichwa, akabonyeza nyingine. Nikaondoka. Akanikimbilia mpaka kwenye lifti, "Laoban, laoban, njoo."

Nikajisikia nyumbani. Huyu alikuwa mtu ninayemjua, anayetaka kuuza na anayejua kushuka. Daktari wa hospitali hakushuka wala kupanda, kwa hiyo sikumwamini. Huyu alishuka, nikamwamini. Wafanyabiashara wenzangu watanielewa, na wengine wote watanicheka, wana haki.

Akanitengenezea magego ya bandia, ya chini, yenye nyaya zinazojikunja kushika yale meno yangu madogo ya mwisho. Bi Zuhura sikumwambia. Mwezi wa kwanza nilikuwa malkia. Nilikula mishikaki ya mbuzi pale karibu na msikiti, nikaongea na Baba Deo mikono yote miwili ikiwa mezani. Akaniuliza nimepata nini, mbona nimechangamka.

Kisha likaja lile joto bichi la masika ya huku, kuta za nyumba zinapotoka jasho na nguo hazikauki. Fizi zikaanza kuchubuka. Nikaamka na ladha ya chuma mdomoni. Nilipokuwa natafuna, yale magego ya bandia yalizama kwenye fizi, na waya ukawa unalivuta jino langu la mwisho kushoto. Nikaanza kulijaribu kwa ulimi, asubuhi, kwenye foleni, katikati ya mazungumzo na wateja. Siku moja likaitikia. Lilicheza.

Nikapanda tena kwenye ile kliniki.

"Mei wenti," yule bwana akasema, yaani hakuna tatizo. Akachukua koleo, akaukaza waya.

Neno hilo nikilisikia kiwandani huwa naamuru maboksi yote yafunguliwe. Nilishuka kwa ngazi sikungoja lifti, na kabla sijafika chini nilikuwa nimeshajua kwamba nimeingizwa mjini, tena na mimi mwenyewe nikiwa nimeshika usukani. Nilitoa yale magego nikayafunga kwenye karatasi. Barabarani nililia, na sikujali nani ananiangalia.

Bi Zuhura nilipomweleza hakupandisha sauti.

"Kwa hivyo mimi nilikuwa nakuibia maneno," akasema.

"Nilidhani unayafupisha."

"Ushauri wake ndio uliokuwa mfupi, mwenzangu. Mengine yote alikuwa anakusifia mswaki wako, na wewe ushaanza kuuliza bei. Haya, vaa viatu."

Daktari Liang hakunigombeza, jambo ambalo lilinitia wasiwasi zaidi. Aliyatazama yale magego ya bandia, akayaweka kando. Akachukua kikaratasi chembamba kinachong'aa, chembamba kuliko ngozi ya kitunguu, akakishika kwa kibanio, akakiweka kati ya meno yangu, akaniambia ning'ate. Akavuta. Hakikutoka. Akahamia jino linalofuata, akavuta, hakikutoka. Nilielewa bila mkalimani. Hivyo ndivyo ninavyokagua zipu, iliyo nzima haiachii. Alipofika kwenye lile la mwisho kushoto akavuta, na kikaratasi kikatoka bila kubisha.

Akavuta mara ya pili. Kikatoka.

"Anasema jino limelegezwa," Bi Zuhura akanieleza, safari hii neno kwa neno. "Huenda likashika tena, huenda lisishike. Likiondoka hilo, upande wa kushoto hauna tena pa kukutania vizuri, na hapo haahidi kwamba mengine yatakaa mahali pake."

Nikamwona mama, amefunika mdomo kwa kitenge, anajifanya hasikii njaa.

"Atafanya nini?"

"Atasafisha fizi. Na wewe utaliwacha jino lipumzike. Halafu mtangoja."

Kungoja ndiyo ilikuwa dawa yenyewe, na mimi sikuumbwa kwa kungoja. Nilipewa vijiswaki vidogo vya kupitisha katikati ya meno, nikaambiwa nikatekate nyama na nitafunie mbele. Mama mmoja wa Kikongo, mpishi wa pale ninapokula, aliniona nageuza tonge muda mrefu. Tangu siku hiyo sufuria langu lilikaa motoni zaidi, akiniwekea sahani na kusema, "Kula pole pole, maman, ni laini." Sijui nimlipe nini mwanamke yule.

Na nikamwambia Baba Deo. Nilimwambia yote, na ya mama pia. Akaisogeza simu karibu na uso.

"Fungua mdomo nione," akasema.

Nikafungua.

"Sioni kitu."

"Ni ya nyuma."

"Sasa hayo ndiyo ulikuwa unayaziba? Mimi nimeshaongea mpaka na mchungaji." Akajifuta uso. "Nilisema lile neno la mama, eh?"

"Ulisema."

"Nisamehe. Mimi nikikuona unakula, ndiyo raha yangu. Mengine sitazami."

Nilikata simu nikiwa nimepungukiwa na mzigo ambao sikujua naubeba.

Msimu wa matunda ya lichi, nilirudi hospitali. Pale kwenye viti vya bati bibi mmoja wa Kichina alinitazama ninavyoshika shavu, akanigusa goti, akafungua mdomo wake wote. Hakuwa na gego hata moja. Kisha akatoa karanga mfukoni, akaanza kuzitafuna kwa meno ya mbele akinikodolea macho, kuhakikisha nimeona. Nilimshuku. Niliamini kabisa daktari amempanga. Nilimuuliza Bi Zuhura, naye akacheka mpaka mashine ikasoma namba yetu na hatukuisikia. Ndani, kikaratasi kikatoka bila kubisha, kama mwanzo.

Wakati wa sikukuu ya keki za mwezi, vuli ilipoanza na maonyesho ya Pazhou yako karibu, kikaratasi kilibisha kidogo, kisha kikatoka. Daktari akasema jambo, Bi Zuhura akasema ni dalili njema. Mimi sikukubali. Mzigo uliokaribia kuwa mzuri haupakiwi.

Nilirudi baada ya mwaka mpya, mitaa ikiwa bado na mabaki ya karatasi nyekundu. Nilikwenda na sanamu yangu nimeitia ndani ya soksi. Daktari Liang akatoa ya kwake kabatini. Kwanza nikazikagua saini, nikazipeleka dirishani kwenye mwanga. Zilikuwa zangu zote mbili. Akanipa kipande cha nta laini ning'ate, akakipoza kwa maji. Halafu akanikabidhi mimi, akaonyesha kwa kidole sanamu yangu, ile niliyotoka nayo nyumbani.

Nikaiweka nta juu ya meno ya plasta ya chini, nikashusha ya juu. Iliingia. Kila shimo lilipata jino lake, hakukuwa na mahali pa kupitisha hata ukucha. Meno yangu ya leo na ya siku ile yalikuwa bado yanakutana pale pale.

"Unaona," Bi Zuhura akasema.

"Bado kikaratasi. Mwambie nitavuta mwenyewe."

Daktari akanipa kibanio na kioo. Wale wagonjwa wa nyuma wakasogea kuona. Nikakiweka kwenye jino la mwisho kushoto, nikang'ata, nikavuta. Kikagoma. Nikavuta kwa pembeni, maana zipu mbovu huwa hujificha kwenye kona. Kikagoma. Nikavuta kwa nguvu ninayovutia mabegi ya mteja mkorofi, na kibanio kikaponyoka, kikaratasi kikabaki mdomoni kwangu, kimeshikwa. Mtu mmoja nyuma yangu akapiga makofi. Machozi yalinitoka na sikuweza kufungua mdomo, niliogopa kukiachia.

Sikudanganyi wewe unayesoma. Mdomo wako si wangu, na huenda wewe ukahitaji meno ya bandia kweli, yatengenezwe na anayejua. Mimi bado narudi kutazamwa, bado nakatakata nyama, na bado ulimi wangu huenda nyuma kupapasa. Lakini anayekwambia subiri, usimkimbie kwa sababu hiyo tu. Muulize anasubiri nini, na umwone anavyokagua.

Siku ile tulipoagana niliondoka kwa mwendo wangu wa kawaida, nikiwaza ugali. Tulishaipita mashine ya maji ya moto niliposikia sauti ya daktari kutoka mlangoni.

"Laoban!"

Nikageuka. Alikuwa ameshusha barakoa, na mara ya kwanza nikauona mdomo wake, mpana, unacheka. Mkononi ameshika sanamu yangu. Nilikuwa nimeisahau mezani.

Bi Zuhura akanitazama. Anaijua sheria yangu.

"Mwambie aiweke kabatini na ile yake," nikasema. "Ikae hapa."